Ninastaafu kazi, ninaachia hazina ya kanisa, na mwanangu anataka niuze nyumba ya Sinza

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mjane, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera, na mwezi Novemba mwaka huu nitatimiza miaka 60, umri ambao sheria humtaka mtumishi wa umma astaafu hata kama mwili wake ungali na nguvu. Nimefanya kazi katika masijala ya taasisi moja ya serikali hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1990. Nilikuja mjini kabla sijafikisha miaka 25. Nilivuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, nikapanda treni ya Reli ya Kati, na baada ya siku mbili nikashuka Stesheni nikiwa na sanduku la bati na anwani ya mjomba wangu iliyoandikwa nyuma ya bahasha. Ndoa, watoto, kazi, kanisa na nyumba, vyote nilivipata baada ya asubuhi hiyo.

Sasa naona vyote vinafikia ukingoni kwa pamoja. Ofisi yetu ilihamia Dodoma kama zilivyohamia ofisi nyingi za serikali baada ya tamko la mwaka 2016, na hapa tumebaki wachache wa kumalizia mambo. Majalada ya zamani yanapangwa katika maboksi ili yasafirishwe, na barua mpya hazipiti tena mikononi mwangu kwa sababu zinaingia moja kwa moja katika mfumo wa kompyuta. Kijana aliyeletwa kupokea kazi ni mpole na ni mwepesi wa kuelewa. Huniuliza shauri fulani liko wapi, nami humtajia safu na rafu bila kuinua macho, naye huandika na kusema, “Asante mama.” Kila anaposema hivyo najua kwamba rafu hiyo hainihitaji tena.

Kanisani nako, katika usharika wetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), nimekuwa mzee wa kanisa kwa vipindi kadhaa, na kwa miaka 16 nimekuwa mtunza hazina. Nazijua bahasha kwa namba, na namba nazijua kwa sura za watu; nikiona 214 najua ni bibi mmoja ambaye hulipa ahadi yake kidogo kidogo kadiri anavyouza vitumbua. Uchaguzi wa wazee unakaribia. Mchungaji amenisihi nikubali kuendelea, akisema kwamba hazina haijawahi kuwa salama kama ilivyo sasa. Lakini siku ya mavuno, nikiwa jikoni, niliwasikia vijana wawili wakisema dirishani, “Huyu mama hataachia mpaka abebwe.” Sikutoka jikoni mpaka walipoondoka.

Jambo la tatu ni makazi. Nyumba ya Sinza tuliinunua na marehemu mume wangu, na mirathi ilipokwisha hati ikaandikwa kwa jina langu. Nyumba mbili zilizo kushoto kwangu zimekwisha kuvunjwa na mahali pake yamesimama maghorofa, na madalali hubisha hodi kwangu karibu kila wiki. Mwanangu mkubwa, anayefanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali kule Dodoma, anataka niuze, nimpe fedha ajenge nyumba kubwa huko, na mimi nihamie kwake. Kaka yangu naye ananiita Muleba, kwenye kibanja ambacho baba alinigawia kabla ya kufa. Binti yangu wa mwisho, ambaye bado anaishi nami, hasemi neno, ila namwona anavyonitazama dalali anapobisha.

Juma lililopita afisa utumishi aliniita nihakiki taarifa zangu. Akafungua jalada langu binafsi, akanionyesha fomu niliyoijaza mwaka 1990. Palipoulizwa nyumbani ni wapi, nilikuwa nimeandika kijiji chetu cha Muleba, kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa msichana. Akasema, “Mama, huku ndiko mizigo yako itakakosafirishwa.” Nilitazama maandishi yale nikashindwa kusema kama ni ya kweli au si ya kweli.

Kazini naitwa Mama Masijala, kanisani naitwa Mama Hazina, na mtaani naitwa kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Nianzie wapi kufunga? Je, ni kosa kuchoka na kuachia kazi ya Mungu? Na je, niuze?

Ni mimi,
Mama wa Masijala, Sinza


JIBU

Dada yangu mpendwa,

Amina, asifiwe. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimesimama kwenye ile fomu ya wino wa buluu. Nitairudia mwishoni. Kwanza niseme kwamba barua yako inataja miisho mitatu kana kwamba ni mmoja, na nadhani hapo ndipo uzito ulipozidi. Siku ya kuacha kazi imepangwa na sheria na huna uwezo wa kuisogeza. Siku ya kuachia hazina unaweza kuipanga wewe mwenyewe, nami nitakusihi uipange. Ama kuondoka mjini, hakuna sheria wala uchaguzi unaokudai jambo hilo mwaka huu; limeingizwa katika hesabu na watu wanaokupenda na ambao wameona kwamba hayo mawili yakiisha, basi na la tatu lazima liishe. Si lazima.

Nianze na kazi, kwa sababu ndiyo yenye tarehe. Nilipostaafu ualimu, siku ya mwisho nilifunga kabati langu, nikaacha ufunguo kwa mhasibu, nikatoka kwa geti la nyuma kwa kuwa sikutaka wanafunzi wanione nikilia. Nilidhani nimejiheshimu. Mwezi uliofuata nilirudi pale shuleni mara tatu, kila mara nikiwa na sababu, na sababu ya mara ya tatu ilikuwa kufuata chupa ya chai. Mlinzi mpya aliniuliza nimekuja kumwona nani, nikakosa jibu. Nilirudi nyumbani na chupa yangu nikiwa na huzuni ambayo ilinichukua karibu mwaka mzima kuielewa: nilikuwa sijaaga, na mtu ambaye hajaaga huwa bado yupo njiani kuondoka.

Kwa hiyo aga, dada. Usikubali wenzako wakuambie kwamba mmebaki wachache na haina haja ya kikao. Waombe muda wa chai, hata kama mtakuwa watano, na mwalike mhudumu anayefagia masijala na dereva aliyekuwa akipeleka barua zako. Kisha mchukue yule kijana, mkae naye siku kadhaa mbele ya rafu zenyewe, umweleze yale ambayo mfumo wa kompyuta hauwezi kuyajua: ni shauri gani lilibadilishiwa jina katikati, ni barua gani iliyowekwa katika jalada lisilo lake na kwa nini, na ni nani aliyekuwa akiandika kwa penseli pembeni. Wewe unajua kuliko mimi kwamba jalada likijaa hufungwa, na mtunza kumbukumbu mwangalifu huandika mahali ambapo shauri linaendelea, ili atakayelifungua baada ya miaka 20 asipotee. Kijana huyo anahitaji maelezo ya namna hiyo kutoka kwako. Akisema “Asante mama,” huenda anashukuru kwa dhati kabisa, kwa sababu bila wewe angekuwa anatafuta sindano katika maboksi yanayokwenda Dodoma.

Katika siku hizo hizo shughulikia nyaraka zako. Tafuta barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua ya cheo cha mwisho, uzilinganishe jina kwa jina na tarehe kwa tarehe. Wanawake wengi wa umri wetu waliajiriwa kwa ubini wa baba, kisha wakaandikwa kwa jina la mume, na tofauti hiyo ndogo huchelewesha mafao. Kama ndivyo ilivyo kwako, hati ya kiapo itayarishwe sasa. Ujue pia utakachopokea. Tangu mabadiliko yaliyotangazwa katika bajeti ya mwaka 2024/25, mtumishi ambaye mfuko wake wa zamani wa pensheni ulikuwa ukilipa kwa mkupuo, yaani kwa mara moja, asilimia 50 ya mafao hulipwa asilimia 40, na yule ambaye mfuko wake ulikuwa ukilipa asilimia 25 hulipwa asilimia 35, na kinachobaki huwa pensheni ya kila mwezi. Uliza PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wewe uko katika kundi gani, upewe hesabu kwa maandishi, na usimwahidi mtu yeyote shilingi kabla hujaiona hesabu hiyo. Ninaposema mtu yeyote namaanisha mwanao wa Mtumba, na namaanisha pia kamati ya ujenzi ya kanisa. Fungu la kumi ni lako na Mungu wako, lakini ahadi kubwa za mwaka wa kwanza wa kustaafu nimeona zikiwaumiza wajane wengi.

Sasa tuje kanisani, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa naona ndipo palipokuuma zaidi.

Maneno ya wale vijana yalikuwa ya ukali na hayakukutendea haki. Mtu aliyetunza sadaka kwa miaka 16 bila senti kupotea hastahili kusemwa dirishani. Hata hivyo, katika barua yako kuna jambo ambalo hukulisema wazi: hukuandika kwamba unataka kuendelea. Uliandika kwamba mchungaji anakusihi, uliandika kwamba umechoka, na ukauliza kama kuchoka ni kosa. Si kosa. Utumishi wa kanisani hupokewa ili siku moja upokezwe mwingine, na hazina ambayo ni salama kwa sababu tu iko mikononi mwa mtu mmoja bado haijawa salama, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kama wewe. Ukiugua kesho, nani ajuaye 214 ni nani?

Unajua neno kung'atuka lilivyoingia katika Kiswahili chetu. Mwalimu Nyerere alilitoa katika lugha yake ya Kizanaki, na alipotoka Ikulu Novemba 1985 akimwachia Mzee Ali Hassan Mwinyi, taifa zima lilijifunza kwamba mtu anaweza kuondoka madarakani akiwa mzima, anapendwa, na hajafukuzwa. Wengi husahau kwamba hakuachia vyote siku moja, kwa maana uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi mwaka 1990. Nimelitafakari jambo hilo sana. Kwa nchi ambayo ilikuwa haijapata kumwona rais wake akimkabidhi mwenzake, naona hatua zile zilikuwa na busara. Lakini kwa hazina ya usharika nisingekushauri uachie nusu. Watunza hazina wawili katika ofisi moja, mmoja wa cheo na mwingine wa mazoea, humfanya yule wa cheo awe mgeni mbele ya kabati lake mwenyewe, na washarika wataendelea kukuletea bahasha mkononi kwa sababu wamekuzoea.

Ningekuwa wewe, ningemwendea mchungaji juma hili, kabla ya uchaguzi, nikamwambia kwa heshima na kwa maneno machache kwamba kipindi hiki ndicho cha mwisho, nami ningemtajia tarehe. Ukisema “nitaangalia” atasikia “ndiyo.” Mwombe, kwa ridhaa ya baraza la wazee, mtu mmoja au wawili wakae nawe kwa miezi mitatu kila Jumapili baada ya ibada wakati wa kuhesabu sadaka. Na kama mmojawapo wa wale vijana wa dirishani ana kichwa cha hesabu, mpendekeze yeye. Nalisema hili kwa moyo wangu wote. Atakapoona unavyoilaza noti iliyokunjamana ya yule bibi na kuiandika kwa uangalifu ule ule unaouandikia cheki ya mfanyabiashara, ataelewa kwa nini hukuachia mapema.

Makabidhiano yenyewe yawe ya maandishi: vitabu vya hesabu, stakabadhi ambazo hazijatumika, funguo, salio la benki la siku hiyo, na barua ya kubadilisha watia saini. Itie saini wewe, atie saini anayepokea, na mchungaji ashuhudie. Kisha omba maombi ya shukrani mbele ya usharika, usimame, uombewe. Najua hupendi kusimamishwa mbele, wanawake wa kizazi chetu tulifundishwa hivyo, lakini maombi hayo ni kwa ajili ya usharika kuliko kwa ajili yako, kwa sababu washarika wakiona kwa macho kwamba kazi imehama mkono, wataacha kukufuata wewe na kumwendea mwenzako. Jumapili inayofuata usikae kwenye benchi lako la karibu na mlango wa ofisi. Kaa katikati, pamoja na watu wa jumuiya yako, uimbe. Mtu akikujia na bahasha, mwelekeze.

Ama nyumba, jibu langu ni fupi: usiuze mwaka huu. Mjane anayestaafu Novemba na kuuza nyumba Desemba huamua akiwa katikati ya vumbi la kuhama, na viwanja vya Sinza havitakimbia. Zaidi ya hayo, nyumba unayoisema ni makao ya binti yako ambaye hajakuambia neno. Mwite, mkae naye kibarazani bila kaka yake, umwulize anawaza nini anapokutazama wakati dalali anabisha. Mwanao mkubwa ni mwema, na kukutaka uwe karibu naye ni baraka, lakini kuna tofauti kati ya kuishi kwa mwanao ukiwa na nyumba yako mjini, na kuishi kwake ukiwa umeifanya nyumba yako kuwa kuta za nyumba yake. Mweleze hivyo kwa upole, mbele ya mtu mzima mwingine wa ukoo, umwambie pia kwamba treni ya SGR inafika Dodoma na wewe utakwenda kuwaona wajukuu mara nyingi kuliko anavyodhani.

Kuhusu kibanja, kaka yako anakuita, na hilo ni jambo jema ambalo wanawake wengi hawalipati. Hata hivyo, kuitwa ni jambo moja na ardhi kuwa kwa jina lako ni jambo jingine. Mwaka ule ule wa 1990 uliokuja mjini, Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililotoka huko huko Kagera, kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki juu yake sawa na mwanamume, hata haki ya kuiuza. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatambua haki ya mwanamke ya kumiliki ardhi ya kijiji sawa na mwanamume. Kwa hiyo ukifika, panda na kaka yako hadi kwenye mipaka, mwite mwenyekiti wa kijiji na majirani, mpande alama, na uanze taratibu za hatimiliki ya kimila. Kaka mwema hatakasirika. Ukifanya hivyo sasa, mkiwa hai nyote wawili na mnacheka pamoja, utakuwa umewaondolea watoto wenu ugomvi.

Umeniambia majina yako matatu. La masijala linatoka katika ajira, nalo litabaki katika vinywa vya wachache mnaojuana. La hazina litakwenda kwa mwingine, na ni haki yake aitwe hivyo. Lile la mtaani, la mtoto wako wa kwanza, hukupewa na mwajiri wala hukupigiwa kura, na hakuna siku iliyoandikwa mahali popote kwamba litakoma. Wakati wa huzuni, na utakuja, hasa asubuhi za Jumatatu, toka nje mpaka dukani, usikie watu wakikuita kwa jina hilo.

Turudi kwenye ile fomu. Msichana aliyeandika “Muleba” kwa wino wa buluu alisema kweli, kwa kuwa mwaka 1990 hakuwa na nyumbani pengine. Swali ni kama mwanamke wa miaka 60 anasema vivyo hivyo, na swali hilo huwezi kulijibu ukiwa Sinza, mbele ya afisa utumishi. Mwombe afisa huyo akueleze kwa maandishi taratibu za haki yako ya kusafirishiwa mizigo na muda wake, ili usiipoteze kwa kusitasita wala usiitumie kwa haraka. Kisha, ukishaaga kazini na ukishakabidhi funguo za kanisa, mwombe mchungaji barua ya utambulisho, panga begi moja tu, uende Muleba wakati wa senene. Lala katika nyumba ya kaka yako, amka na umande wa migombani, nenda kanisani kule uone kama kinywa chako bado kinajua nyimbo kwa Kihaya baada ya miaka 35 ya kuziimba kwa Kiswahili. Angalia zahanati iko umbali gani na ni nani atakayekuletea maji ukiugua. Kaa hadi Pasaka. Nenda ukiwa umemwachia binti yako ufunguo wa Sinza, na umewaambia watoto wote tarehe utakayorudi, wala usijibu neno lolote kuhusu kuuza mpaka utakaporudi na kukaa nao mezani kwako.

Wako katika safari hiyo hiyo,
Mshauri